Wamemsamehe, ila Hawajamrudisha

Bwana asifiwe wapendwa. Kuna sentensi moja naisikia sana makanisani kwetu huku Malindi na kila nikiisikia natamani kuinua mkono niulize swali, ila huwa ni wakati wa matangazo, jua limepanda na watu wana njaa, kwa hivyo nanyamaza. Sentensi yenyewe ni hii: "Sisi kama kanisa tumemsamehe." Inasemwa kwa upole kabisa, watu wanaitikia amina, halafu yule aliyesamehewa anaenda kukaa kiti cha mwisho karibu na mlango na hapo ndipo anapozeekea. Hakuna anayemtukana. Hakuna anayemuita pia.

Sasa swali langu ni hili, mtu akisamehewa asirudishwe, huo msamaha umeishia wapi? Na je, Mungu naye anasamehe hivyo?

Naandika hivi kwa sababu ya binamu yangu, mtoto wa shangazi, amenipa ruhusa bora nisitaje jina wala kanisa. Alikuwa mwalimu wa kwaya. Na si mwalimu wa kubahatisha, huyu jamaa alikuwa anaweza kukusikia ukiimba mstari wa nne nyuma akajua ni wewe umeshuka, anakuangalia tu unajirekebisha mwenyewe. Kwaya ikaanza kuchanga pesa za sare, fundi ashapima watu, kitenge kishachaguliwa baada ya ugomvi wa wiki nzima (akina mama na rangi, tuachane na hayo), na pesa zikawa zinaingia kwa simu yake. Hapo katikati akabeti kidogo, akashinda. Nawaambia kile kushinda cha kwanza ndicho mtego wenyewe, manake angepoteza siku ile ingekuwa afadhali. Akaanza kuchota za sare akijiambia Jumamosi narudisha, Jumamosi ikafika timu ikafungwa dakika za mwisho, akaongeza ili afidie, ikaliwa tena, mpaka fundi alipopiga simu kuuliza salio lake lini, hakukuwa na salio wala mtaji.

Hakusubiri kukamatwa. Alienda mwenyewe kwa wazee wa kanisa akasema yote, akatoa simu wakasoma meseji moja moja. Akasimamishwa kwaya, akasimamishwa Meza ya Bwana kwa muda, akaanza kuendesha tuktuk ya mtu na kulipa kidogo kidogo, leo mia mbili kesho mia tatu. Muda ukapita, ikatangazwa ile sentensi. Tumemsamehe. Amina.

Basi ndio nikawa namuona pale nyuma. Ufunguo wa tuktuk mkononi hata wakati wa maombi, hauweki mfukoni, kama mtu aliye tayari kuondoka wakati wowote. Kwaya ikianza mguu wake unapiga muda wenyewe, halafu anajishtukia anausimamisha. Siku moja tumekaa pale jeti tunaangalia watu wanapakua samaki akaniambia, "Dada, kwamba Mungu amenisamehe hilo najua. Sijui tu kama ana haja na mimi tena."

Mi sikuwa na jibu la pale pale. Ila hiyo sentensi yake ilinirudisha kwa Petro, na kwa Petro nimekaa sana tangu siku hiyo.

Sote tunaijua ile habari ya jogoo. Lakini mwangalieni Yohana anavyoisimulia, manake huyu mzee alikuwa na jicho la vitu vidogo. Usiku ule uani kwa kuhani mkuu kulikuwa na baridi, watumishi wamewasha moto wa makaa, Petro naye kasimama anaota moto pamoja nao, na hapo hapo penye makaa akamkana Yesu. Iko Yohana 18:18. Kisha ukifika sura ya 21, wamekesha ziwani hawajapata hata kidagaa, wanafika pwani asubuhi, wanakuta nini? Moto wa makaa, juu yake samaki, na mkate. Yesu ameuwasha mwenyewe. Mtu wa hapa anayejua asubuhi za bandari yetu, chombo kikirudi kitupu baada ya usiku mzima na wavuvi hawataki hata kusalimiwa, anaelewa huo mwaliko wa "Njoni mfungue kinywa" uliwafikia watu wa hali gani. Tena alikuwa na samaki wake tayari kabla hawajaleta wale 153 wao. Na Petro yule, alivyoambiwa tu ni Bwana, akajifunga vazi lake akajitupa majini, badala ya kuvua nguo ili aogelee yeye anavaa! Hapo huwa nacheka kila mara.

Nadhani ile harufu ya makaa ilimfikia Petro kabla ya maneno yoyote. Hiyo ni fikira yangu, Biblia haisemi. Lakini walipomaliza kula Yesu hakumwambia "usijali, yameisha", na hakumwambia "mbona ulinikana". Alimuuliza wanipenda, mara tatu, na ya tatu ikamuuma, imeandikwa wazi kwamba Petro alihuzunika. Kwa hivyo kidonda kiliguswa. Ila kila jibu lilipotoka tu, kazi ikafuata: lisha wana-kondoo wangu, chunga kondoo zangu, lisha kondoo zangu. Hakuna mahali Yesu anasema nimekusamehe, ukitafuta hutaipata katika hiyo sura, kuna samaki, kuna swali, na kuna kazi. Nikamtumia binamu yangu hiyo sura yote, nikamwambia swali lako la jeti limejibiwa hapa.

Na si hapo tu alipoanza kumrudisha. Kabla Petro hajaanguka alishaambiwa, Luka 22:32, nimekuombea ili imani yako isitindike, nawe utakapoongoka waimarishe ndugu zako. Sikiza hiyo, "utakapoongoka". Kuanguka kwenyewe hakujafika na kazi ya baada ya kuanguka ishapangwa. Na asubuhi ya ufufuo yule malaika kwenye Marko 16:7 anawaambia wale akina mama, nendeni mkawaambie wanafunzi wake na Petro. Angesema tu wanafunzi, Petro angejihesabu? Mimi naona asingejihesabu, angesema hao ni wale wengine.

Majuma machache baadaye, siku ya Pentekoste, Matendo 2, yule yule anasimama Yerusalemu, mji ule ule, na kama watu 3,000 wanaongezeka siku hiyo. Halafu sura inayofuata anawaambia watu usoni, ninyi mlimkana yule Mtakatifu. Mlimkana! Petro huyo ndiye anayesema. Mtu ambaye angali anajionea aibu hawezi kulitamka hilo neno mbele ya umati, lingemkwama kooni. Na msidhani alikuwa malaika baada ya hapo, Wagalatia 2 inasema kule Antiokia aliwaogopa watu akaacha kula na Wamataifa, Paulo akamkabili mbele ya wote. Ugonjwa ule ule wa kuogopa watu. Hakuvuliwa utume kwa hilo, alikaripiwa, kazi ikaendelea.

Sasa twende kwa Yuda, manake usiku ule walianguka wawili na sisi tunapenda kumzungumza mmoja. Mathayo 27 inasema Yuda alijuta, akazirudisha vile vipande 30 vya fedha, akasema nalikosa. Pesa amerudisha, kosa amelikiri, na amekwenda kwa makuhani, yaani watu wa dini. Wakamjibu, "Basi, haya yatupasani sisi? Yaangalie haya wewe mwenyewe." Akatoka akajinyonga. Sisemi makuhani ndio waliomuua, na mambo ya roho yake namwachia Mungu, lakini ile "yaangalie mwenyewe" naijua. Nimeiona kwenye nyuso za watu mlangoni mwa kanisa. Petro alilia akaenda akakaa na wenzake, na wenzake wakampokea, ndiyo maana siku aliposema naenda kuvua samaki kulikuwa na watu wa kumwambia tunakuja na wewe.

Mtu aliye peke yake na hatia yake ni hatari jamani, na hapa kwetu tuna sababu ya kulijua hilo. Tangu Aprili 2023 ilipoanza kufukuliwa miili kule msitu wa Shakahola, ya watu waliodaiwa kufundishwa wafunge mpaka kufa, zaidi ya 400 ilipofika, hakuna anayesema neno kufunga hapa Malindi bila watu kuangaliana. Ya kortini naiachia korti, na wale walioingia msituni kila mmoja alikuwa na habari zake, sitawasemea. Nasema tu nilichokiona kwa wengi wanaokuja kuomba ushauri kwa kina mama wa kanisa, kwamba mtu anayejiona amemkosea Mungu anatafuta adhabu. Mwambie afunge siku ngapi, atafunga. Mwambie alete mbuzi, auze shamba, aache dawa, atakubali, manake moyoni anasema nastahili. Ndio maana ni muhimu sana mtu kama huyo afikiwe mapema na habari iliyo njema kweli, ile ya 1 Yohana 1:9, tukiziungama dhambi zetu yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee dhambi zetu. Njaa yako wala shamba lako havimo katika huo mstari. Kilichomo ni uaminifu wake yeye.

Paulo aliliona hili. Korintho kulikuwa na mtu ameadhibiwa na kanisa, ikafika mahali Paulo anawaandikia inatosha, sasa msameheni na kumfariji, asije akamezwa na huzuni yake ipitayo kiasi. Hiyo ni 2 Wakorintho 2:7, na mi naona ingefaa isomwe kila baraza la wazee linapokaa, kabla hata ya kusoma kumbukumbu za kikao kilichopita.

Haya, turudi kwa binamu yangu. Unajua nani alimrudisha? Si mchungaji, si baraza. Ni mama mmoja wa sauti ya pili, mtu mzima, muuza mahamri na mbaazi, ambaye kwa kweli hana sauti kubwa ila haijawahi kutokea akakosa mazoezi. Alijirekodi WhatsApp asubuhi akiwa jikoni, unasikia mafuta yanachemka na mtu anaulizia ya kumi nyuma yake, anasema, "Mwalimu, hebu nisikize hapa haleluya ya pili, mbona nagongana na sauti ya kwanza? Naingia wapi?" Halafu akaimba. Vibaya, binamu yangu anasema vibaya sana. Lakini alimuita Mwalimu.

Alikuwa barabara ya Lamu na abiria ndani. Akasimamisha tuktuk kando, akasikiza mara mbili, akamuimbia ule mstari kwenye simu polepole, sauti ya mama, kwa ile falseto yake, abiria analalamika kwamba anachelewa na mwingine anauliza kwani huyu ni mwimbaji. Jioni mama akatuma tena. Kesho yake akatuma swali lingine. Kisha wenzake wa sauti ya pili nao wakaanza kutuma, kila mtu na haleluya yake, na kabla uongozi wa kanisa haujakaa kujadili chochote nusu ya kwaya ilikuwa inafundishwa kutoka kwenye tuktuk.

Hivi hapa mjini chombo kikivuja kinapandishwa mchangani, kinakalafatiwa kwa pamba na sifa (yale mafuta ya papa), kinarudishwa baharini. Kile ambacho hakirudi ndicho tunachokiona kwenye mahoteli kimefanywa kabati la vitabu, kimepakwa vanishi, watalii wanakipiga picha. Nadhani wengi tuliowasamehe tumewafanya kabati.

Wazee walipojua kwamba mazoezi yanaendelea kwa simu hawakuwa na budi. Wakamuita. Na hapa nampa heshima yake mzee mmoja, mvuvi wa zamani, maneno yake machache lakini siku hiyo aliongea: "Mwanangu, sauti utashika wewe. Simu ya pesa atashika mwingine, na hata siku ukiombwa uishike, kataa." Binamu yangu alivyonisimulia hilo alikuwa anacheka, akasema siku hiyo alilala usingizi. Mi nilidhani ile sharti ya pesa ingemuuma, yeye anasema ndiyo iliyomfanya aamini kwamba wanamtaka kweli, manake walikuwa wamemfikiria yeye pamoja na udhaifu wake, hawakujifanya hawakumbuki.

Nalisema hili kwa sababu kuna wenzetu watauchukua huu ujumbe vibaya. Kuna ule mtindo wa mtumishi anaanguka Jumanne, Jumapili yuko madhabahuni na suti, ukiuliza unaambiwa usihukumu, msiwaguse masihi wa Bwana. Huko ni kukwepa. Daudi aliambiwa na Nathani, Bwana naye ameiondoa dhambi yako, hutakufa, na katika maneno hayo hayo akaambiwa upanga hautaondoka nyumbani mwako, na mtoto alikufa. Msamaha ulikuwa wa kweli na matokeo yakabaki ya kweli. Ile Zaburi 51 haina mahali Daudi anasema ni shetani au ni shinikizo la kazi, anasema nimejua mimi makosa yangu. Ila hakuishia kulia, mstari wa 12 anaomba unirudishie furaha ya wokovu wako, na wa 13 anasema nitawafundisha wakosaji njia zako. Kumbe hata katikati ya machozi mtu anaweza kuomba kazi! Na Zakayo naye, aliposhukiwa na wokovu, akataja mwenyewe kulipa mara nne.

Bibi jirani yetu, Muislamu, aliposikia habari zilivyoenea mtaani alimuita binamu yangu barazani akamwambia, "Mjukuu wangu, mlango wa toba uko wazi, lakini cha mtu ulichochukua kirudishe." Ushauri ule ule wa Zakayo, na alimpa na kahawa.

Kuna jambo moja halijakaa sawa na sitaki kulifunika. Mmoja wa waliopoteza pesa alikuwa mama anayeuza nazi, mchango wake wa sare aliutoa kwa taabu, na lile jambo lilipotokea akahama, anasali kwingine sasa. Alilipwa wa kwanza, yote, kwa M-Pesa. Akajibu "nimepokea", basi. Kuna dada mmoja kwenye grupu alitaka tumtumie Mathayo 6:15, ile ya msipowasamehe watu, nikamwambia usithubutu. Kuwa Mungu amemsamehe binamu yangu hakumpi yeye wala sisi haki ya kumpangia huyo mama ratiba ya moyo wake. Aliumizwa mahali alipokuwa anaimba. Mzee mmoja akapendekeza twende nyumbani kwake ujumbe mzima tukamuombe arudi, binamu yangu ndiye aliyekataa, akasema watu kumi mkiingia uani kwa mtu hapo hamuombi, mnamlazimisha. Nikaona amejifunza kitu.

Kwaya yenyewe inaendelea, sauti ya tatu bado wanatuangusha. Deni lililobaki si kubwa, analipa kila Jumatatu kwa mweka hazina mpya, na kila Jumatatu anaandikiwa risiti, hata kama ni ya mia mbili. Risiti hizo hakuna mzee aliyeziagiza, yeye mwenyewe ndiye aliyezidai.